Soriasisi haiambukizi: namna ya kuituliza

Katika makanisa yetu tunaona ndugu wenye mabaka mazito viwikoni, magotini au kichwani, yenye magamba yanayopukutika. Wengine huketi nyuma kwa sababu watu wanaogopa kuwapa mkono. Inasemwa ni laana, au ni ukoma. Huenda ni soriasisi, nayo haiambukizi: si kwa mkono, si kwa nguo, si kwa kikombe cha Meza ya Bwana.

Hata hivyo mtu asijipime mwenyewe. Ukoma ungali upo nchini mwetu, na alama yake moja ni baka lisilosikia unapoligusa. Aende kituo cha afya apimwe. Ukoma nao unapona, na dawa zake hutolewa bure.

Kwa kawaida ngozi hujibadilisha kwa muda wa mwezi hivi. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili huichochea ijitengeneze kwa siku chache tu, ikarundikana. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau au kijivu kuliko mekundu. Mwaka 2014 nchi wanachama wa OMS ziliitambua kuwa ni ugonjwa wa kudumu usioambukiza. Hakuna dawa ya kuimaliza kabisa, lakini zipo za kuituliza.

Kwanza ni kulainisha ngozi kila siku kwa vazelini, hasa baada ya kuoga. Asidi ya salisiliki husaidia kuondoa magamba. Kisha kuna dawa za kupaka za jamii ya kotizoni, kama betametazoni, na nyingine zitokanazo na vitamini D. Mabaka yakienea, daktari anaweza kuagiza matibabu ya mwanga maalum, au metotreksati. Hii humezwa mara moja tu kwa juma. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mama mjamzito haruhusiwi kuitumia, na anayeitumia aache pombe na apimwe damu mara kwa mara. Ziko pia sindano za kisasa, ila bei yake ni kubwa mno.

Tuonye jambo moja. Mafuta mengi ya kujichubua yanayouzwa sokoni yana kotizoni kali. Mabaka hutulia upesi, lakini ngozi hukonda, na mtu akiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Vidonge na sindano za kotizoni ni hatari zaidi kwa jinsi hiyohiyo. Tusinunue bila cheti cha daktari.

Pombe, tumbaku, mahangaiko ya moyo na maambukizo ya koo huweza kuamsha ugonjwa. Baadhi ya dawa pia, kama klorokini. Basi mgonjwa amwambie daktari dawa zote anazomeza. Viungo vikivimba na kuuma, au ngozi ya mwili mzima ikiwaka pamoja na homa, aende hospitali bila kukawia.

Tunaendelea kuwaombea wagonjwa wetu, na maombi hayo hayamzuii mtu kupaka dawa yake. Wazee wa kanisa na mama wa vikundi, mkono wenu ukitangulia kumsalimia ndugu huyo mbele ya wote, wengine wataacha kuogopa. Bwana awabariki.