Antaktika: nani anawachunga watalii mahali pasipo na serikali?

Mtalii akishuka Antaktika, hakuna DGM ya kumgongea muhuri kwenye paspoti. Hakuna polisi, hakuna chifu, hakuna mwenyeji wa kuombwa ruhusa. Bara hilo la barafu, kusini kabisa mwa dunia, ni kubwa karibu mara sita kuliko Kongo yetu, lakini wanaokaa kule ni watafiti na wafanyakazi wao tu, nao wanapokezana. Hata hivyo watalii wanafika, tena wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa chini ya 10,000 kwa msimu. Msimu wa 2023-2024 walipita 120,000.

Sasa nani anawazuia wasiharibu?

Kwanza kuna mkataba. Inchi 12 ziliutia sahihi Washington, tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 1959, ili bara hilo libaki la amani na utafiti. Mwaka 1991, kule Madrid, ukaongezewa protokoli ya kulinda mazingira: uchimbaji wa madini ukakatazwa, na kila kazi, utalii ukiwa ndani, lazima ichunguzwe kwanza kama itadhuru. Lakini mkataba hauna askari. Kila inchi inachunga watu wake na meli zake, basi.

Ndiyo maana kampuni za utalii zenyewe ziliingia kati. Mwaka huo huo wa 1991, kampuni 7 ziliunda umoja unaoitwa IAATO. Si kwa wema wa moyo peke yake: wanachouza ni mahali safi, na pakichafuka hakuna tena biashara. Wakakubaliana kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Iliyo na wachache inaweza kushusha, lakini watu wasiopita 100 kwa mara moja mahali pamoja, wakiwa na viongozi wa kuwaangalia.

Kabla ya kushuka, mabuti yanaoshwa kwa dawa. Mifuko ya koti na nyuzi za suruali zinapitishwa mashine ya kufyonza vumbi, kwa kutafuta mbegu. Mbegu ndogo hivyo ina shida gani? Kwenye kisiwa cha King George, karibu na kituo cha watafiti wa Poland, majani ya kawaida ya Ulaya yaliota tangu miaka ya 1980, na kuyang'oa yote kumekuwa kazi ngumu. Ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe kule unakua polepole sana. Alama ya kiatu inaweza kubaki miaka mingi.

Kwa pengwini, wale ndege wasioruka, mgeni anakaa mbali metre 5. Pengwini akikata njia, ni mtu anayesimama kumpisha. Na tangu homa ya mafua ya ndege ifike kule, watalii wamekatazwa hata kuketi au kupiga magoti chini, wasibebe ugonjwa kwenye nguo toka kundi moja la ndege mpaka lingine. Waliowahi kupanda kuangalia ngagi Virunga wataelewa mara moja: maski mdomoni, umbali, saa moja tu, halafu mnashuka. Mgeni mwenye afya anaweza kumuua mnyama bila kujua.

Meli zenyewe ni hatari nyingine. Mwezi wa 11 mwaka 2007, meli ya watalii Explorer iligonga barafu na kuzama. Watu wote 154 waliokolewa, lakini mafuta yake yalivuja baharini. Tangu mwaka 2011, meli zimekatazwa kutumia au kubeba mafuta mazito kule, yale meusi yanayonata na ambayo ni vigumu kusafisha. Moshi bado uko. Masizi yakianguka juu ya theluji yanaifanya ivute joto la jua. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulikadiria kwamba, kwa sababu ya masizi hayo, kila mtalii anafanya tani kama 83 za theluji ziyeyuke mapema.

Na hapo ndipo mpango wote unabana. Sheria zinahesabu watu 100 ufukweni, metre 5 toka kwa ndege, lakini hakuna inayosema jumla ya watalii kwa mwaka iishie ngapi. Karibu wote wanakwenda rasi ile ile moja, kati ya mwezi wa 11 na wa 3, wakati ndege wanalea watoto. Kundi la 100 likiondoka, lingine linasubiri kwenye mashua.

Kuweka kikomo kunategemea inchi 29 zenye sauti ya kuamua katika mkataba, na inatakiwa zote zikubali. Moja ikikataa, hakuna uamuzi. Mazungumzo juu ya sheria moja ya utalii yanaendelea, na meli zinaendelea kuondoka Ushuaia, Argentina.