Karata Moja Ikizeeka Kuliko Wenzake

Kwenye mabaraza ya pwani, pakiti ya karata haichakai kwa usawa. Wachezaji wa wahedi wa sitini huziweka kando nane, tisa na kumi kwa kuwa mchezo wao hauzitaki. Ree yenye alama 11 na saba yenye alama 10 hupigwa mkekani kwa mbwembwe kila jioni, huku zile zilizotengwa zikikaa ndani ya boksi, nyeupe pe. Siku mtu akitaka mchezo wa karata zote 52, siri imevuja: mwenzako ameshika kumi nawe unaiona hata hajaiteremsha.

Hapo ndipo ugumu wa kutengeneza karata ulipo. Kitabu kilichochanika ukikibandika kinasomeka. Karata ukiibandika selotepu imeshajulikana, kwani kidole huihisi hata gizani, na ole wenu mgawaji akiwa mjanja.

Watengenezaji wa Ulaya waling'amua hilo zamani. Migongo ya karata zao ilikuwa mitupu, doa moja likatosha kuiumbua ree. Katika karne ya 19 migongo yenye michoro ikaenea, ikaficha uchafu. Pembe zilizochongoka nazo, zilizokuwa zikikunjika na kufumuka, zikaviringwa. Karata nzuri ya karatasi huwa na tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi nyeusi, mwanga usipenye. Unyevu ukiingia, au pembe ikigongwagongwa, tabaka hizo huachana.

Pembe iliyoachana inatibika. Penyeza gundi nyeupe kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha meno, futa inayochuruzika, ifunike kwa karatasi ya nailoni juu na chini, kisha uilaze chini ya vitabu vizito hadi asubuhi. Kingo zilizoota weusi zinataka msasa laini kabisa: zibane karata zote pamoja, upitishe taratibu mara chache. Zote pamoja, narudia. Ukisugua ree peke yake umeipunguza, na karata iliyopungua ni ya kitapeli hata kama mwenyewe hukukusudia.

Za plastiki hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, zikakauka moja moja kivulini kabla ya kupangwa. Za karatasi ni kitambaa kikavu tu. Poda ya watoto, inayosifiwa sana, sina imani nayo: ikishakutana na jasho la viganja huganda. Mpira wa kufungia nao utupeni, unakata kingo. Na anayekula halua anawe kwanza ndipo akate karata.

Karata ikipotea, wengi humwandika jokeri kwa kalamu. Wachezaji wa wahedi wana akiba bora: tisa ya kopa huweza kugeuzwa nne ya kopa, mgongo ni uleule. Ila usafi wake utaisaliti. Ndiyo maana napendelea kununua pakiti mbili za mgongo mmoja na kuzichezea kwa zamu. Zinazeeka pamoja, na karata ya hii ikipotea unaichukua kwenye ile, imechakaa vilevile.

Kasino hazijisumbui na gundi wala msasa. Karata zilizotumika hutobolewa tundu au kukatwa pembe, zisirudi mezani kimyakimya. Barazani hupewa watoto, nao huanza kwa kugombania mabasha.