‘Mtafiti’ kwenye tasnifu yako ni nani kama si wewe?

UMEZUNGUKA Gikomba wiki mbili, jua kali, ukihoji wauzaji 20 wa mitumba. Ukifika sura ya tatu, unaandika: “Mtafiti aliwahoji wauzaji 20.” Mtafiti gani tena, msee? Si ni wewe!

Wengi wenu mnaogopa ‘ni-’ kwa sababu mlifunzwa kwamba ukijitaja, utafiti unageuka porojo. Ukweli kiasi upo. “Nahisi bei zimepanda sana” ni stori ya kwenye matatu. Lakini “niliwahoji wauzaji 20” ni kazi uliyofanya, na msomaji ana haki ya kujua nani aliifanya.

Kiswahili nacho kinakupa mahali pa kujificha: unachomeka tu ‘-w-’ kwenye kitenzi. Walihojiwa. Nani aliwahoji? Kimya. Wakati mwingine ni sawa, maana anayetajwa ni muuzaji. Lakini ukitoa majibu ya watu watano kwenye hesabu, usiandike “yaliondolewa”. Andika “niliyaondoa”, kisha utoe sababu. Siku ya kutetea kazi yako jopo litakuuliza swali hilo hilo, na hutapata ‘mtafiti’ wa kumtuma akujibie.

Na usidhani ni ukaidi wa vijana. Mwongozo wa APA, unaotumika sana katika sayansi za jamii, unataka mwandishi aliye peke yake ajiite ‘mimi’, na waandishi wakiwa wengi wajiite ‘sisi’. Hautaki ujizungumzie kama jirani yako.

Woga huu umewahi kuleta vituko. Mwaka 1975, mwanafizikia wa Marekani Jack Hetherington alikuwa ameandika makala peke yake, lakini kote ametumia ‘sisi’. Mwenzake akamtahadharisha kwamba jarida la Physical Review Letters halitakubali ‘sisi’ ya mtu mmoja. Enzi hizo ni taipureta. Kuchapa upya yote ilikuwa noma. Basi akamwongeza paka wake, Chester, kama mwandishi mwenza kwa jina F.D.C. Willard. Makala ikachapishwa!

Wewe huhitaji paka. Kwanza soma mwongozo wa idara yako. Ukisema ‘mtafiti’, fuata. Mimi niliyeacha chuo njiani si ndiye nitakupa alama. Ukiwa kimya, muulize msimamizi wako mapema, wakati wa pendekezo, si baada ya kuchapisha kurasa 80 na pesa ya cyber kuisha.

Akikubali, tumia ‘ni-’ kwa ulichofanya na ulichoamua: nilichagua, nilipima, nililinganisha. Mkiwa kikundi, ‘tu-’. Matokeo yaache yajisemee: bei ilipanda, si “niliona bei ikipanda”. Na hisia? Hizo peleka kwa status yako.