Mwalimu Naye Hurudi Chuoni

Kuna doa moja ambalo kila mama wa Pwani analijua, nalo ni doa la manjano. Mume amekwenda harusini, amekula biriani kwa mkono kama ilivyo ada yetu, mchuzi umemtonea kifuani, na kanzu yake nyeupe imerudi nyumbani na alama. Mama huichukua kanzu akaitia maji, akaipaka sabuni ya mche, na papo hapo lile doa hugeuka jekundu mithili ya damu! Asiyejua hushtuka. Anayejua hukamua ndimu, wekundu ukatoweka na umanjano ukarudi, kisha huianika kanzu na kuliachia jua limalize kazi.

Mimi nililiona doa hilo tangu utotoni, mamangu akifua. Nikaja nikasomesha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Mombasa kwa miaka kumi na sita, nikiwaandikia watoto ubaoni kwamba asidi hugeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu, na besi hugeuza nyekundu kuwa buluu. Wala siku hata moja haikunipitikia kwamba ile kanzu ya babangu ilikuwa litmasi tosha. Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia nilivyofumbuliwa macho, kwani ndani yake mna somo kwa walimu na kwa wazazi pia.

Maabara ya shule yetu ilikuwa jina tu. Karatasi za litmasi zilikuwa zikiisha muhula wa kwanza, na chupa nyingi zilibaki na vumbi. Basi mimi nilishika chaki. Niliandika, watoto wakanakili, kengele ikalia, tukaagana. Siku moja kijana mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Maalim, hii litmasi twaitakia nini?" Darasa zima likacheka. Nami, kwa kuwa sikuwa na jibu, nilihamaki nikamtoa nje akasimame juani mpaka mwisho wa kipindi. Kijana yule hakuuliza tena mpaka alipomaliza shule, na kemia alianguka.

Mnamo mwaka 1998 serikali yetu, ikisaidiana na Japani kupitia shirika lake la JICA, ilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Walimu wengi wanaujua kwa jina la SMASSE. Ulianza kwa wilaya tisa za majaribio, na kuanzia mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Mtindo wake ulikuwa wa ngazi: wakufunzi wa taifa wakiwafunza walimu waliochaguliwa wilayani, na hao nao wakirudi kuwafunza wenzao wakati wa likizo. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi.

Barua iliponifikia nilinung'unika. Likizo ni likizo, na posho ya maana hakuna! Tena mimi nina shahada yangu, watanifunza nini? Nilikwenda kwa kuwa jina langu lilikwisha andikwa.

Siku ya pili aliingia mkufunzi, mwalimu wa kike kijana, umri wa binti yangu. Akaweka mezani pakiti ya manjano, magadi, ndimu, kipande cha sabuni na karatasi nyeupe. Nikamnong'oneza jirani yangu, "Leo twafunzwa kupika." Yule binti hakutusomea kitu. Alitwambia tuyakoroge manjano kwa spiriti, tuzichovye karatasi, tuzikaushe, kisha tuanze kujaribu wenyewe. Nikaigusisha yangu maji ya magadi. Ikawa nyekundu! Nikaidondoshea ndimu. Ikarudi manjano. Jirani yangu akacheka kwa furaha, lakini mimi nilinyamaza kimya, maana nilikuwa nimemwona mamangu amechutama mbele ya karai.

Mafunzo yale yalikuwa na kanuni ya maneno manne: panga, tenda, tazama, boresha. Ilikuwa si kupanga na kutenda tu, kwani hayo hata mwalimu mvivu huyafanya. Uzito ulikuwa katika kutazama. Kila mmoja wetu alisomesha mbele ya wenzake, kisha wenzake wakamwambia kweli. Zamu yangu ilipofika, mwalimu mmoja wa Malindi alisema kwa adabu, "Mzee wangu, umezungumza kipindi kizima, na hakuna mwanafunzi aliyeshika kitu mkononi." Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa dawa.

Muhula ulipofunguliwa nilikwenda Marikiti kununua manjano ya darasa. Aliyekuwa nyuma ya magunia ya viungo, akipima na kufunga, ni yule kijana niliyemtoa juani. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza yote hayo ni ya shughuli gani. Nikamweleza. Akachukua chembe ya manjano akaisugua kwa sabuni aliyokuwa nayo pale, akaitazama ikigeuka. Kisha akaniuliza, "Maalim, mbona hukutwambia hivi zamani zile?"

Sikuwa na jibu mara ya pili. Nilimtaka radhi, naye akanisamehe, na pesa za manjano akakataa kupokea. Lakini swali lake sijalisahau hadi leo, na ninastaafu nalo. Mwalimu asiposoma, hasara haimpati yeye. Mshahara wake hufika vile vile. Hasara humpata mtoto wa mtu.

La ajabu ni kwamba sisi watu wa Pwani hatukupaswa kungoja mradi utoke Japani ndipo tujue kuwa mwalimu ni mwanafunzi. Mila hiyo ni yetu. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyefariki mwaka 1925, alikuwa tayari ni kadhi huko Unguja zama za Sultani Barghash, lakini aliondoka akasafiri hadi Istanbul, akakaa chini ya Sayyid Fadhl bin Alawi kuongeza ilimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alisoma hapa Mombasa, kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa huyo huyo bin Sumeit na kwa Sheikh Abdalla Bakathir. Hata leo, Ramadhani ikiingia, utawaona maustadhi wenye vyuo vyao wamekaa na vitabu mapajani katika darsa ya sheikh aliyewazidi. Na kila Ijumaa twasoma katika Suratul Kahf habari za Nabii Musa, aleihi salaam, alivyofunga safari kumfuata mja aliyepewa ilimu asiyokuwa nayo yeye. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alifuata ilimu kwa miguu, mimi na shahada yangu ni nani?

Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilizindua mpango wake wa kuwaendeleza walimu wote. Taasisi nne ndizo zilizoteuliwa kwanza: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya University, Riara University na KEMI. Kelele ziliposikika nyingi zilikuwa juu ya ada ya Sh6,000 iliyotakiwa itoke mfukoni mwa mwalimu. Katika hilo nasimama na walimu. Mwajiri anayetaka mfanyakazi wake aongeze ujuzi ndiye anayefaa kulipa. Lakini palikuwa na sauti nyingine chini ya ile ya ada, iliyosema, "Mimi nimekwisha soma." Sauti hiyo naijua vizuri, kwani ilikuwa yangu.

Nao wanaopanga mafunzo wasisahau manjano. Mwalimu akiitwa likizoni akasomewa makaratasi siku nzima kisha akapewa cheti, atarudi darasani na cheti, basi. Kijana anayetolewa juani atabaki juani. Mwalimu ashikishwe kitu mkononi, asomeshe mbele ya wenzake, aambiwe kosa lake kwa adabu. Jambo hili lina haraka, kwa kuwa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mtaala huo hauendi kwa chaki peke yake.

Nanyi wazazi, mkiitwa mkutanoni shuleni, msiulize matokeo ya mtihani peke yake. Waulizeni walimu, kwa upole na heshima, mara ya mwisho walikaa lini wakasomeshwa, na walirudi na nini. Atakayekasirika mvumilieni. Mimi pia nilikasirika.

Wabillahi tawfiq.