Padeli Huanza Miguuni

Waulize wanafunzi wa chuo walioacha padeli baada ya kujaribu mara mbili tatu, majibu yao yanafanana: "Raketi siiwezi," "Mkono wangu mzito," "Ule ni mchezo wa matajiri." Mimi nasema kwa wengi wetu tatizo haliko mkononi, liko miguuni. Na hiyo ni habari njema, kwa sababu miguu inafundishika, tena sehemu kubwa ya mafunzo yake haihitaji kukodi kiwanja.

Nalitaja suala la hela makusudi. Kiwanja kinalipiwa kwa saa, mnachanga wanne, na bumu likichelewa hata hiyo robo yako inakuwa mtihani. Ukitumia saa nzima kukimbiza mipira iliyokwisha kukupita, unatoka umechoka, hujajifunza kitu, na umeshajiaminisha kwamba huna kipaji. Hivyo ndivyo tunavyowapoteza wachezaji, hasa wale ambao hawakukua wakishika raketi.

Kijue kwanza kiwanja

Kiwanja cha kwanza cha padeli kilijengwa na Enrique Corcuera nyumbani kwake Acapulco, Meksiko, mwaka 1969. Kiwanja rasmi cha leo kina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, kimezungukwa na kuta za vioo na waya, na wavu wake una kimo cha sentimita 88 pale katikati. Sasa piga hesabu. Kila upande ni mita 10 kwa 10, na mnaucheza wawili. Upana unaokuhusu wewe ni kama mita tano tu. Mipira mingi inayoonekana iko mbali haiko mbali kweli. Wewe ndiye umechelewa kuanza.

Halafu kuna vioo. Mpira ukishadunda mara moja upande wako unaweza kugonga kioo na bado ukaucheza, mradi usidunde mara ya pili. Kwa hiyo mchezaji wa padeli ana hiari ambayo mchezaji wa tenisi hana: anaweza kuuacha mpira upite, akausubiri urudi. Hiari hiyo inataka miguu inayojua pa kusimama.

Mruko mdogo

Ulicheza rede utotoni? Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko katikati anakwepa. Mkumbuke yule aliyekuwa hapigwi hata kidogo. Hakuwa amesimama wima kama mlingoti. Magoti yalikunjwa kidogo, visigino vyepesi, na mrushaji alipoachia mpira yeye alikuwa anaruka kidogo sana, anatua, halafu anachomoka kushoto au kulia.

Ndicho kinachofanyika kwenye padeli. Kila mpinzani anapokaribia kupiga, ruka kidogo, kiasi cha daftari kupita chini ya nyayo. Tua kwa miguu yote miwili, imeachana zaidi kidogo ya upana wa mabega, pale pale raketi yake inapogusa mpira. Ukitua namna hiyo misuli ya miguu inajikaza kama springi na unaweza kujisukuma upande wowote. Ukiwa umesimama tuli, lazima kwanza ukunje magoti, uhamishe uzito, ndipo uondoke, mpira haukusubiri. Ukitua mapema mno, springi inalegea kabla hujaitumia.

Sisi wa elimu tunafundishwa kumtoa mwanafunzi kwenye analolijua kumpeleka kwenye asilolijua. Mwenzangu mmoja darasani alitaka kuacha padeli wiki ya kwanza. Kila alipoambiwa "sogeza miguu" aliganda. Nikamwambia, "Dada, fanya uko kwenye rede, mimi ndiye mrushaji." Akaruka hapo hapo, na kwa wakati sahihi. Sikumfundisha kitu kipya. Alikuwa nacho tangu shule ya msingi, ila hakuna aliyemwambia kwamba kinatumika huku pia.

Makazi mawili, na njia katikati

Padeli ina sehemu mbili za kukaa. Ya kwanza ni mbele, mita mbili au tatu hivi kutoka kwenye wavu. Hapo ndipo timu inapobana na kumaliza pointi. Ya pili ni nyuma, karibu na mstari wa kuanzishia, ambao uko mita 6.95 kutoka kwenye wavu. Hapo unajilinda na kutumia vioo. Eneo lililo katikati ya sehemu hizo ni njia ya kupita. Ukiweka makazi pale, mipira itakudundia miguuni siku nzima. Ukianzisha mpira, panda mbele mara moja. Mpinzani akikaribia kupiga ukiwa bado njiani, simama, fanya mruko wako mdogo, cheza, kisha endelea.

Ukipigiwa mpira wa juu unaokupita, usirudi kinyumenyume. Ni njia rahisi ya kuanguka chali. Geuza bega na nyonga, urudi kwa ubavu huku macho yakiwa kwenye mpira.

Ukiwa nyuma, usikigande kioo. Wanaoanza wengi hufuata mpira mpaka wanajibana ukutani, halafu mpira ukirudi unawagonga mwilini. Geuka ubavu mapema, acha nafasi ya mpira kupita, urudi nyuma pamoja nao, na ukishagonga kioo utoke nao kwenda mbele. Hatua za mwisho ziwe fupi fupi za kujipanga, ili uupige ukiwa mbele ya mwili wako.

Mwendo wa wawili

Wewe na mwenzako jihesabuni kama mmefungwa kamba moja ya mita tatu au nne. Akivutwa kulia, nawe sogea kulia. Akirudi nyuma, rudi. Mmoja akibaki mbele na mwingine nyuma, katikati yenu kuna barabara, na mpinzani yeyote mwenye macho ataipita. Tumieni sauti pia: "Yangu!" "Yako!" Neno moja linaokoa hatua nyingi.

Kuna Mwargentina, Fernando Belasteguín, aliyekaa namba moja duniani miaka 16 mfululizo na kustaafu mwaka 2024 akiwa na miaka 45. Mtu wa umri huo hawezi kuwashinda vijana wa miaka 20 kwa mbio. Huwashinda kwa kufika mapema.

Mazoezi ya bure

Kabla ya kuchanga hela, tafuta uwanja wa netiboli au sehemu yoyote tambarare hapo chuoni.

Anza na kamba: ruka sekunde 30, pumzika 30, mara sita. Kisha fanyeni wawili wawili. Mmoja anyooshe mkono kushoto, kulia, mbele au nyuma. Mwingine aruke mruko mdogo na kwenda hatua tatu upande huo, halafu arudi katikati. Sekunde 20 za kazi, 40 za kupumzika.

La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Tafuteni mpira wa tenisi na ukuta usio na madirisha. Mmoja arushe mpira udunde chini, ugonge ukuta, na mwingine aliyesimama kati yake na ukuta ageuke na kuudaka kwa mkono mmoja mbele ya mwili. Raketi iacheni hosteli. Ukiweza kuudaka, miguu yako imeshafika mahali pake, na kupiga kutakuwa rahisi.

Angalizo kuhusu viatu: vile vya kukimbilia barabarani, vyenye soli nene laini, vimetengenezwa kwa kwenda mbele. Padeli ni ya kwenda pembeni, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. Soli bapa na imara ni salama zaidi, na usianze bila kupasha mwili moto.

Jaribu haya wiki mbili, halafu ndiyo mchange hela ya kiwanja. Na ukimwona mgeni ameganda kwenye kona ya vioo, usimwambie hana kipaji. Muulize utotoni alicheza nini.