Katika Msitu wa Palma, Chui Husomwa Mchangani

Kabla hatujaingia msituni, ndugu msomaji, yafaa tuelewane juu ya jambo moja. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kama ilivyo katika Afrika nzima, hakuna chui milia. Mnyama huyo ni wa Asia. Makao yake ni India, Bangladesh, kisiwa cha Sumatra, na kaskazini kabisa katika misitu ya baridi ya bonde la mto Amur, mpakani mwa Urusi na China. India peke yake ilikadiriwa kuwa na chui milia 3,682 kwa hesabu ya mwaka 2022. Hata hivyo hawakosekani wageni wajao Afrika na tamaa ya kumwona, na lawama si zao peke yao, kwani walowezi wa Kiholanzi wa Afrika Kusini walimwita chui wetu mwenye madoa kwa jina lile lile la yule mwenye milia, na vitabu vikaendelea kuchanganya mambo.

Aliyeko Cabo Delgado ni huyu wetu wa madoa. Yuko, lakini kumwona ni bahati nasibu. Wamjuao hawamtafuti kwa macho, humsoma.

Pwani tunayoizungumzia yaanzia mdomoni mwa mto Ruvuma na kushuka kusini kupitia rasi ya Cabo Delgado, mji wa Palma ulio katika ghuba ya Tungue, na Mocímboa da Praia, mpaka visiwa vya Kirimba. Msomaji wa Mtwara hawezi kujiona mgeni huko. Wamwani wa pwani husema lugha iliyo ndugu ya Kiswahili. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za mto. Na hata ardhi ni moja, kwani wanajiolojia huziita tabaka za udongo wa Palma kwa jina la Mikindani yetu. Ghuba ya Tungue ilikuwa ikidaiwa na Sultani wa Zanzibar mpaka Wareno walipoitwaa kwa nguvu mwaka 1887. Kionga, iliyoko penye kona ya mpaka, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani mpaka mwaka 1916.

Juu ya udongo huo huota msitu mkavu wa pwani, mfupi na uliosongamana, usiofanana na pori la miombo la bara. Wataalamu wa mimea wa Msumbiji, Ufaransa na Uingereza walioukagua miaka ya 2008 na 2009 waliorodhesha aina zaidi ya 700 za mimea, na makumi kati yake hayakuwa yamepata kuandikwa na sayansi. Msitu wenyewe sasa umekatikakatika kuwa vipande, kwa sababu ya mashamba, mkaa na magogo. Mtu aweza kutembea nusu saa katika giza la majani, kisha ghafula akajikuta katikati ya mihogo.

Tulifika Palma Desemba 2023 kwa shughuli za kazi, na baada ya kupata ruhusa ya wakuu wa mahali tuliomba mtu wa kututembeza msituni kwa siku mbili. Tulipewa mzee mmoja, Mmwani kwa baba na Mmakonde kwa mama, ambaye jina lake hatutalitaja kwa kuwa anaishi katika nchi ambayo bado haijatulia. Alianza kazi hiyo kwa kuwafuatishia wawindaji nyayo, na baadaye akawa akiwaongoza wageni wenye darubini. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia kwa Kiswahili safi alichokipata mkoani Mtwara, alikokuwa mkimbizi utotoni wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji.

Masharti yake aliyatoa papo hapo. Tusivae nguo nyeupe, tusijipake manukato, tusimtangulie hata hatua moja. Sharti hilo la mwisho halikuhusu chui. Njia zilizokuwa zikipitwa tangu watu waliporejea alizijua moja moja. Zile ambazo hazikupitwa hakuzikanyaga, hata kama zilikuwa fupi zaidi.

Tuliondoka yapata saa kumi na moja alfajiri. Baada ya mwendo wa saa nzima mzee alisimama na kunyoosha fimbo. Mchangani palikuwa na unyayo wa mviringo, vidole vinne, bila alama ya kucha. Fisi huacha kucha zake ardhini, na mbwa vile vile. Chui huzirudisha kama askari arudishavyo sime alani. Juu ya unyayo huo palipita kijistari chembamba, kama kimechorwa kwa sindano. Ni njia ya mdudu wa usiku. Kwa hiyo chui alitangulia na mdudu akafuata, nayo ikawa dalili kwamba mnyama hakupita alfajiri, bali usiku wenyewe. Hatua thelathini mbele palikuwa na kinyesi kilichojaa manyoya ya ngedere, na shina la mti lililokwaruzwa juu ya kimo cha mtu.

"Afande," alisema mzee kwa sauti ya chini, "usiulize yuko wapi. Uliza alikuwa wapi, na saa ngapi. Hayo nitakujibu."

Chuoni tulifundishwa kusoma ramani na dira, na tulidhani, kama vijana wote wa rika letu, kwamba kusoma ardhi ndiko huko. Mafunzo yale yalikuwa mema. Lakini ramani haisemi ni nani aliyepita jana.

Chui hatukumwona, wala hatutasema uongo ili kumfurahisha msomaji. Tulimsikia usiku wa pili, mbali kidogo na kambi: sauti kavu, ya kwenda na kurudi, mfano wa msumeno unaopasua ubao. Ikarudiwa mara tatu, kisha kimya. Mzee aliongeza kuni motoni na kuendelea na hadithi yake pale alipoikatia.

Simba ni habari nyingine, na katika pande hizi si habari ya kupumbazia wageni. Mwaka 2008, wakati njia za uchunguzi wa mafuta na gesi zilipokuwa zikifyekwa kaskazini ya Cabo Delgado, simba waliwaua watu zaidi ya 20 katika muda wa miezi michache, hata ikalazimu wawindaji watumwe Palma. Mwandishi Mia Couto, ambaye wakati huo vijana wa kampuni aliyoifanyia kazi walikuwa katika eneo hilo, aliyageuza mambo hayo kuwa riwaya iliyotoka mwaka 2012, A Confissão da Leoa. Ng'ambo yetu ya Ruvuma hali haikuwa nyepesi. Watafiti walihesabu watu 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani, na wakaonyesha kwamba nguruwe pori ni sehemu ya chanzo: nguruwe huja kula mazao, mkulima hulala dunguni kuyalinda, na simba amfuataye nguruwe hukutana na mkulima. Ajuaye alama za wanyama katika nchi ya namna hiyo huwalinda wengine warudipo shamba salama.

Saa za mchana zilikuwa za ndege. Hondohondo walipita juu ya vilele vya miti, mbawa zao zikivuma kama mapanga ya upepo, na sauti zao zikafanana na kilio cha mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kulukulu, mwenye kishungi cha kijani, alituonyesha wekundu wa mbawa zake pale tu aliporuka. Chini kabisa, katika majani makavu, mzee alituketisha karibu saa nzima kwa ajili ya ndege mmoja mdogo, mgongo wa kijani na tumbo jekundu, ambaye huja na mvua ili kutaga. Dume lake hurukaruka tawini na kutoa mlio mfupi kila anaporuka. Katika saa hiyo tulimwona kwa muda wa pumzi mbili. Wako wasafiri ambao wangeona wamepoteza asubuhi. Sisi hatukuona hivyo.

Maji yalipokupwa tulitoka kwenye mikoko. Ni wakati wa bamvua, na tope lilikwenda mbali hata macho yakachoka. Hapo walikuwapo mamia ya ndege wa ufuoni, na kati yao mmoja mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama wa kupasulia magamba. Chakula chake ni kaa. Huyu ni mgeni wa miezi ya kusi kutulia. Makao yake ya kuzalia ni visiwa na fukwe za Ghuba, za Oman na za bahari ya Shamu, na huko hufanya jambo lisilofanywa na ndege mwingine yeyote wa jamii za ufuoni: huchimba shimo mchangani na kutaga chini ya ardhi. Njia yake kwa hiyo ni ile ile ya majahazi ya zamani.

Jioni ile ile mzee alitazama juu na kutuonyesha kundi la kozi wadogo wenye miguu myekundu, wakiwawinda kumbikumbi waliotoka baada ya manyunyu. Ni kozi wa Amur. Huzaliana Siberia ya kusini mashariki na kaskazini ya China, katika nchi ile ile ya chui milia tuliyoitaja mwanzoni, na kila mwaka huvuka India, kisha Bahari ya Hindi bila kutua, kuja kusini mwa Afrika. Huko India, katika jimbo la Nagaland, mwaka 2012 walinaswa kwa nyavu na kuuawa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 2013 wanavijiji wenyewe waliacha, na leo huwapokea watu wanaosafiri kwenda kuwatazama. Serikali ilisaidia, hatukatai. Lakini walioijua miti wanayolala kozi hao ni wanakijiji, na bila wao amri ya serikali ingebaki karatasi.

Jambo hili ndilo lililotushughulisha kule Palma. Tarehe 5 Oktoba 2017 mashambulizi ya wenye silaha yalianza Mocímboa da Praia. Mji huo ukatekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Katika kilele cha maafa hayo watu wapatao milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao. Aprili 2025 vita viligusa hata Hifadhi ya Niassa upande wa bara, ambako kambi zilishambuliwa na watumishi wake wakauawa. Ni rahisi kudhani kwamba watu wakiondoka wanyama hunufaika. Huenda kwa msimu mmoja. Lakini msitu usiokuwa na mwenyeji wa kuujua hauna wa kusema kwamba mwaka jana palikuwa na chui wawili na mwaka huu mmoja, wala wa kumtambua mkata magogo aliyeingia usiku.

Tunaye shahidi, naye ni ndege. Mlembe humwongoza mtu mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mtu hupasua mti na kutwaa asali, ndege hubakiwa na nta. Wayao wa Niassa humwita kwa sauti ya ulimi ikifuatwa na mgumio, na utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa mwito huo uwezekano wa kuongozwa na ndege hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Utafiti wa pili, uliotoka Desemba 2023, uliwalinganisha mlembe wa Niassa na wale wa Wahadzabe wa Tanzania, ambao humwita ndege kwa mluzi. Kila ndege aliitikia zaidi mwito wa watu wa kwao. Maana yake ndege hujifunza lugha ya jirani yake. Tulimweleza mzee habari hizo, naye hakustaajabu hata kidogo. Aliuliza tu: jirani akikaa kambini miaka mitatu, nani atamfundisha kinda?

Siku ya pili alitembea nasi mjukuu wake wa miaka 14. Utoto wake mwingi umepita katika kambi ya waliohamishwa. Kunguru na shomoro alikuwa akiwajua vizuri. Ndege wengine aliwauliza kwa babu mmoja baada ya mwingine, na babu akajibu bila kuchoka, mara nyingine kwa kumpiga kofi jepesi begani ili anyamaze asikilize.

Tulipoagana, mzee hakudai zaidi ya ujira tuliopatana. Aliulizia bei ya darubini Mtwara. Ile aliyokuwa nayo, aliyoachiwa na mgeni mmoja, ilibaki nyumbani siku alipokimbia mwaka 2021, na aliporejea hakuikuta nyumba wala darubini. Februari 2024 tulimpata nahodha wa kumpelekea moja iliyokwisha tumika. Habari iliyoturudia kwa simu ilikuwa fupi: imefika, kioo kimoja kina ukungu kidogo, na anayeishika ni kijana.