Siasa katika Vyeo na Anwani: Barua za Salah al-Din kwa Makhalifa wa Baghdad

Katika dola za Kiarabu za zama za kati, barua za mtawala ziliandikwa katika diwani ya insha, idara iliyosimamia maandishi yote ya dola. Kila sehemu ya barua ilikuwa na kaida zake: basmala, sifa kwa Mungu, dua, utajaji wa vyeo, kisha kiini kilichotanguliwa na fomula *ama baadu*. Al-Qalqashandi, katibu wa diwani ya Kairo aliyefariki mwaka 1418, alizikusanya kaida hizo katika kitabu chake *Subh al-A'sha*. Makala haya yanafafanua jinsi kaida hizo za adabu zilivyobeba hoja za kisiasa.

Barua za Salah al-Din kwa makhalifa wa Bani Abbas ni mfano wa wazi. Mwandishi wake mkuu, al-Qadi al-Fadil (1135–1200), alijifunza ukatibu katika diwani ya Wafatimi, kisha akamtumikia mtu yuleyule aliyeuondoa ukhalifa wao mwaka 1171. Salah al-Din alikuwa na jeshi na kodi za Misri, lakini hakuwa na haki ya kurithi Shamu, iliyokuwa mikononi mwa ukoo wa Nur al-Din aliyefariki mwaka 1174. Uhalali huo aliutafuta Baghdad kwa barua. Hoja zake zilikuwa mbili: kwamba amelirejesha jina la khalifa wa Bani Abbas katika hotuba ya Ijumaa nchini Misri, na kwamba anapigana jihadi dhidi ya majeshi ya Msalaba. Mwaka 1175 khalifa al-Mustadi alimpa hati ya kumtambua.

Hata hivyo, lugha ya utii ilificha mvutano. Baada ya Jerusalem kutwaliwa Oktoba 1187, barua ilimtaja mshindi kuwa mtumishi wa khalifa. Wakati huohuo, Baghdad ililalamikia cheo chake cha al-Malik al-Nasir, kwa kuwa khalifa mwenyewe aliitwa al-Nasir li-Din Allah. Salah al-Din alikuwa amekipata cheo hicho mwaka 1169 katika baraza la Wafatimi, ilhali khalifa alitawazwa mwaka 1180. Neno moja, lenye maana ya mwenye kunusuru, lilizua swali zito: ni nani hasa aliyeinusuru dini, mwenye upanga au mwenye ukhalifa?

Kwa mtafiti wa nyaraka za Kiswahili, suala hili si geni. Barua za mwambao zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilifuata mpangilio unaofanana na huo, nalo neno *insha* limetoka katika baraza la mtawala na kuingia darasani. Salamu na vyeo aghalabu hurukwa na wasomaji kwa kudhaniwa kuwa mapambo. Barua za al-Qadi al-Fadil zinaonesha kuwa mwenye kuruka sehemu hizo huikosa nusu ya hoja.